Walilipwa au walilipiwa? Fidia ya 1897 ilikwenda kwa nani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Katika makala moja ya historia nimesoma sentensi hii: "Baada ya utumwa kukomeshwa Zanzibar mwaka 1897, watumwa walilipwa fidia." Mwenzangu tunayefundisha naye anasema ilipaswa kuandikwa "walilipiwa fidia". Mimi naona yote mamoja. Tuamulie. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Mwenzako ndiye mwenye haki, na si mamoja hata kidogo. Kati ya maneno hayo mawili pana irabu moja tu, na irabu hiyo ndiyo inayosema fedha ziliingia mfuko wa nani. Aliyelipwa ni yule aliyepokea. Aliyelipiwa ni yule ambaye kwa ajili yake mtu mwingine alitoa, na mwingine tena akapokea. Mwaka 1897 watumwa hawakupokea hata pesa moja. Waliopokea ni mabwana zao.

Neno "fidia" lenyewe tulilitoa Kiarabu, fidya, ambako asili yake ni mali inayotolewa kumtoa mateka mikononi mwa aliyemshika. Kwetu maana hiyo wameichukua "komboa" na "kikomboleo". Fidia ikabaki kuwa malipo ya hasara, pamoja na ile ya saumu, kibaba cha chakula anachopewa maskini kwa kila siku ambayo mtu hakuweza kufunga. Hayo yatosha kuhusu asili.

Linalonikera kwa miaka mingi ni kubwa kuliko irabu. Ni hii desturi ya kuandika "fidia ilitolewa", "fidia zikalipwa", "suala la fidia ya watumwa likashughulikiwa", kisha mwandishi anaweka nukta na kwenda zake. Ilitolewa na nani? Akapewa nani? Kwa hasara ipi? Kauli ya kutendwa ina kazi yake na siipigi marufuku, lakini katika habari za utumwa imekuwa pazia. Msomaji wa leo akiona "watumwa" na "fidia" katika sentensi moja, moyo wake wa haki unamwambia kwamba walioteseka ndio waliofutwa machozi. Mwandishi hakumdanganya kwa neno lolote. Amemwacha ajidanganye mwenyewe, na kwangu hilo ni kosa la lugha sawasawa na kosa la upatanisho wa ngeli.

Itazame hiyo "fidia ya watumwa" inavyochezea kiunganishi -a. Barabara ikipita shambani, serikali hulipa fidia ya mikorosho, na kila mtu anajua kwamba mkorosho haupewi kitu. Ukisema "fidia ya wakulima", kila mtu anajua kwamba mkulima ndiye atakayepokea. Umbo ni lile lile, maana zimepishana, kwa sababu mti ni mali na mkulima ni mtu. Basi unapoandika "fidia ya watumwa", sarufi inakudai uamue: hapa watumwa wanasimama mahali pa mkulima au mahali pa mkorosho? Sheria ya wakati ule ilikwisha kuamua. Waliwekwa mahali pa mkorosho. Mwandishi asiyelisema hilo waziwazi anawaficha walioliamua.

Tuiangalie amri yenyewe, maana sentensi ya makala yako ina kasoro zaidi ya moja. Sultani Hamoud bin Mohammed aliitia saini tarehe 6 Aprili 1897, miezi michache baada ya Waingereza kumweka kitini kwa mizinga. Haikumwacha huru mtu yeyote siku ile. Ilichosema ni kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya bwana juu ya mwili, kazi au mali ya mtumwa. Aliyetaka uhuru wake ilimbidi aende mahakamani mwenyewe kuuomba. Akishaupata, alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Akiwa anakaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, alipaswa kuilipia kodi, na kodi hiyo iliweza kuwa kazi ya mikono: mara nyingi kwenye mikarafuu ile ile, kwa bwana yule yule. Masuria waliachwa nje kabisa. Walihesabiwa kama wake wa nyumbani, wasiweze kutoka ila kwa kuthibitisha ukatili, mpaka amri nyingine ya mwaka 1909.

Bwana naye aliingia katika mahakama hiyo hiyo akiwa na ombi lake. Akithibitisha kwamba alimmiliki mtu yule kihalali na kwamba amepata hasara, alilipwa thamani ya haki. Hapo wengine walikwama, kwa kuwa biashara ya kuwaleta watumwa kwa bahari ilikwisha kupigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873, na aliyenunua mtu aliyeletwa baada ya hapo hakuwa na uhalali wa kuonyesha. Lakini neno "hasara" lilikuwa lake peke yake. Miaka aliyofanyishwa kazi yule aliyesimama upande wa pili haikuwa na safu ya kuandikiwa.

Wala si Zanzibar peke yake. Bunge la Uingereza, katika sheria yake ya mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa wa Karibi, Rasi ya Tumaini Jema na Mauritius. Katika fomu za makadirio watu walipangwa kwa madaraja, kila daraja na bei yake: wanyapara, mafundi, vibarua wa mashambani, watumishi wa nyumbani, watoto wa chini ya miaka sita, na mwisho kabisa wazee, wagonjwa na wasioweza kazi. Ukumbuke kwamba Mauritius ilipokuwa ya Wafaransa ilichukua watumwa kutoka Kilwa; mkataba wa mwaka 1776 kati ya Mfaransa Morice na Sultani wa Kilwa ulikuwa wa watu elfu moja kila mwaka. Kwa hiyo katika madaraja yale palikuwa na watu wenye asili ya pwani yetu. Walikadiriwa, walilipiwa, hawakulipwa. Deni la mkopo uliochukuliwa kulipia fidia ile Uingereza ililimaliza mwaka 2015, na mwaka 2018 wizara yao ya fedha iliutangazia umma kwa majivuno kwamba kodi zao zimesaidia kukomesha utumwa, kisha ikaufuta ujumbe huo.

Nirudi kwa mwenzako, maana hata yeye nina neno naye. "Walilipiwa" ni sahihi, lakini haitoshi. Mwanafunzi aliyelipiwa ada na mjomba wake amefanyiwa hisani, na msomaji atakayekumbuka mfano huo atadhani watumwa nao walifanyiwa hisani. Kwa hiyo mtaje mlipaji, mtaje mpokeaji, litaje jambo lililolipiwa: "Kwa amri ya mwaka 1897, serikali ya Zanzibar iliwalipa mabwana fidia kwa kila mtumwa waliyemmiliki kihalali ambaye mahakama ilimtambua kuwa huru." Ni sentensi ndefu, lakini haimwachi mtu gizani.

"Fidia ya watumwa" nimekwisha kushindwa kuizuia kwenye vichwa vya habari, ambako nafasi ni finyu. Ibaki huko, mradi sentensi ya kwanza chini ya kichwa imtaje aliyepokea. Na katika mtihani wenu, mwanafunzi akiandika "walilipwa", msimpe alama.