Mwanangu, kazi usiiache

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Ujumbe wako wa usiku nimeusoma. Umeniuliza: "Mama, daktari keshasema mtoto ana usonji, yaani autism. Niache kuandika programu nikae nyumbani na mtoto, au nikiendelea nitakuwa mama mbaya?" Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu tunaishia kulia sote wawili.

Jibu langu ni usiache. Ila sitaki ulishike kwa kuwa mama kasema, kwa hiyo nakupa habari za Stephanie Shirley, mama aliyefariki Uingereza Agosti 2025 akiwa na miaka 91. Wengi walimwita Steve, na sababu utaiona. Laiti ningemjua nikiwa bado nafundisha hesabu, wasichana wangu wa Tanga wangemsikia kila mwaka.

Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, akaitwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa jaji, Myahudi, na Wanazi wakamwondoa kazini. Mwaka 1939, binti ana miaka 5, akapandishwa treni Vienna, Austria, walikokuwa wamehamia, pamoja na dada yake wa miaka 9, wakapelekwa Uingereza na watoto wengine wakimbizi. Huko akalelewa na watu baki. Hesabu alizipenda mno, na kwa kuwa shule yake ya wasichana haikuzifundisha, akaruhusiwa kwenda kuzisoma shule ya wavulana. Alipokuwa mkubwa akaajiriwa kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill, London. Mchana kazi, jioni masomo ya shahada, miaka sita mfululizo. Lakini kila alipotaka kupanda cheo, uanamke wake ukawa kikwazo.

Basi mwaka 1962 akafungua kampuni yake mwenyewe ya kuandika programu. Mtaji paundi 6, ofisi meza ya chakula. Watu walimcheka, maana siku hizo aliyenunua kompyuta alipewa programu bure. Nani atazilipia? Barua za kutafuta wateja alizosaini Stephanie hazikujibiwa. Mumewe, Derek, akamshauri asaini "Steve", na majibu yakaanza kuja.

Hapa nataka usome polepole. Aliowaajiri walikuwa wanawake wenye ujuzi walioacha kazi kwa ajili ya ndoa au uzazi, na kila mmoja alifanya kazi akiwa kwake. Katika wafanyakazi 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3. Programu ziliandikwa kwa penseli kwenye karatasi, zikahakikiwa kwa macho mstari kwa mstari, kisha zikatiwa posta kwenda kituo chenye mashine. Wakumbuke akina mama wa Ngamiani na kofia zao za mkono: huyu anadarizi juu, yule ubavuni, mwingine anaunga, na mwenye tenda anapita kukusanya. Ndivyo ilivyokuwa. Hata kazi ya kuchambua taarifa za kisanduku cheusi cha ndege Concorde ilifanywa na wanawake hao, majumbani mwao, watoto wakiwa miguuni. Yeye mwenyewe akipigiwa simu alifungulia kanda yenye mlio wa taipureta, mteja asisikie kelele za nyumbani. Kisha mwaka 1975 ikaja sheria ya kuzuia ubaguzi wa jinsia, ikamgeukia yeye: ikawa ni kosa kupendelea wanawake katika kuajiri. Wanaume wakaongezeka.

Mtoto wao, Giles, alizaliwa 1963. Alikuwa mtulivu, mzuri, na maneno yalishaanza kumtoka. Alipofika miaka miwili na nusu hivi, yale maneno yakapotea.

Najua umeshamwona mwanao hapo. Mimi pia nilimwona mjukuu wangu, mume wangu. Unakumbuka sikukuu ya Idi, alivyokaa na charahani yangu? Aliweka shavu juu ya meza, mkono kwenye gurudumu, na kila uzi ulipokatika alisimamisha gurudumu kabla mimi sijaona. Hasemi, lakini anasikia vitu ambavyo sisi vinatupita.

Sikufichi lililofuata. Giles alipokua akapata kifafa na ghadhabu zisizozuilika, ikabidi awekwe hospitali miaka mingi, na mama yake naye akaishiwa nguvu akalazwa. Wanaomsifu hupita hapa mbio, na mimi naona hapa ndipo pa kusimama. Kwa maoni yangu hakuangushwa na kazi. Aliangushwa na kubeba mtoto yule wao wawili tu, katika nchi ambayo bado haikuwa na pa kumpokea.

Alipopata fedha, alikwenda kupajenga hapo mahali. Kampuni ilikuwa imekua. Robo yake aliwagawia wafanyakazi bila wao kutoa senti, na ilipoingia soko la hisa mwaka 1996, watu 70 kati yao wakaja kuwa mamilionea. Fungu lake akalitoa. Mwaka 1994 alianzisha shirika la makazi ya watu wazima wenye usonji, Kingwood, na Giles, aliyetolewa hospitali, akawa mkazi wa kwanza. Akajenga shule ya watoto wenye usonji, Prior's Court, iliyofunguliwa 1999. Giles hakuiona. Alifariki 1998, kwa kifafa, ana miaka 35. Mama akaendelea: mwaka 2004 akaanzisha Autistica, shirika la kugharimia utafiti wa usonji, na fedha zake zilisaidia pia kuanzisha taasisi ya utafiti wa intaneti Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa jumla alitoa karibu paundi milioni 70. Mwenyewe alisema aliokolewa akiwa mtoto, na alitaka maisha yake yastahili kuokolewa.

Mwanangu, fedha hizo zilitoka kwenye kazi hiyo hiyo unayotaka kuiacha. Sikutumi uwe tajiri. Nasema mtoto wako atahitaji mwalimu, mtaalamu wa kumfundisha kuongea, nauli za kliniki, na mama mwenye akili iliyotulia, na kazi yako inaleta vyote hivyo. Zungumza na mkuu wako, akuruhusu siku kadhaa ufanyie nyumbani. Wenzako wa 1962 walitumia penseli na stempu. Wewe una kompyuta mpakato na bando.

Watakuja wa kukwambia mtoto kapatwa na kijicho, au ana shetani. Waandalie chai, wasikilize, lakini dawa ya kumnywesha usipokee hata kwa shangazi yako. Na ukija likizo twende Lushoto, Irente, kwa walimu wanaofundisha watoto kama yeye. Nataka tuwaulize wenyewe wanaanzaje siku.

Mimi nakuja Dar na basi la asubuhi, Jumatatu ijayo, na nitakaa mpaka upate msichana wa kazi mwenye subira. Mwambie mumeo asihangaike na kitanda, nitalala na mjukuu wangu. Charahani nakuja nayo. Karatasi za kliniki zipige picha unitumie leo, nizisome kabla sijafika.

Mama yako,
Tanga