Shiso Inachanua Kabla ya Kunona

SWALI: Nimeotesha shiso ya kijani kwenye ndoo barazani. Miche haijafika hata shubiri mbili, tayari inatoa maua, na majani ni madogo, magumu. Nimeongeza samadi, wapi! Tatizo ni nini?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Samadi haina kosa. Shiso, ndugu wa mrehani na nanaa, huchanua usiku unapokuwa mrefu. Kwao Japani hunawiri majira ya joto, mchana ukifikia urefu wa saa 14 na nusu, kisha huchanua siku zikifupika. Dar mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mmea unapata ishara ya kuchanua tangu ukiwa mche.

Dawa yake ni taa. Wakulima wa Aichi, mkoa unaojulikana sana kwa shiso, huwasha taa usiku ili mmea uendelee kutoa majani. Wewe ning'iniza balbu ya LED ya wati 9, mita moja juu ya ndoo, iwake saa nne usiku mpaka saa saba, kila siku. Anza miche ikiwa na majani manne, maana iliyokwisha kutoa vikonyo vya maua hairudi kirahisi. Umeme ukikatika usiku mmoja si neno; ukikatika wiki nzima, utayaona maua.

Hutaki gharama ya taa? Sia mbegu kila baada ya wiki tatu uvune miche michanga. Mashuke ya maua nayo ni matamu: yachovye kwenye unga wa ngano uliokorogwa mwepesi kwa maji ya barafu, kaanga nusu dakika, ule na jodari.

SWALI: Mbegu zangu za shiso hata kuota hazioti.
Msomaji, Tabata

JIBU: Ama ni za zamani (zikipita mwaka mmoja nguvu hupungua sana), ama umezifukia. Mbegu hizi zinataka mwanga. Zifunge kwenye kitambaa kibichi, ziweke kwenye friji wiki moja hadi mbili, kisha zibonyeze tu juu ya udongo. Nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia, na weka kivulini palipo na mwanga. Maji ya kisima yenye chumvi, epuka.

SWALI: Shiso nyekundu inatengenezwaje juisi? Na ni dawa ya mafua kweli?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Chemsha lita 1 ya maji, tia gramu 200 za majani yaliyooshwa, dakika tano tu. Majani yatageuka kijani na maji yatakuwa meusi meusi, usishtuke. Chuja, kamua, koroga sukari gramu 250. Hamishia kwenye bakuli la kioo, kwani ndimu na sufuria ya alumini havipatani. Yakipoa, tia mililita 100 za maji ya ndimu: rangi itageuka nyekundu ya kung'aa papo hapo. Kunywa kipimo kimoja kwa vitatu vya maji baridi.

Wachina huitumia tangu kale mafua yanapoanza na tumbo linapochafuka. Kama kinywaji cha moto chenye tangawizi, sawa. Homa isiyoshuka, nenda hospitali. Na mabaki ya mmea msiwape ng'ombe wala mbuzi. Yana kemikali iitwayo perila ketoni, ambayo hujaza maji kwenye mapafu ya mifugo.