Muulize Nahodha: Mwanangu ameendesha boti kwenye miwani

SWALI: Shikamoo Nahodha. Niko Minneapolis, Marekani. Mwanangu ana miaka 20, yuko chuo. Majuzi alijitolea kwenye utafiti wa usalama wa boti za starehe. Walimvisha miwani ya uhalisia pepe, wakamkalisha mbele ya usukani, akaendesha boti ya kompyuta. Karudi anatamba kwamba boti anaijua, na sasa yeye na wenzake wanataka kukodi ya kweli Ziwa Minnetonka mwezi wa saba. Hao watafiti wanatafuta nini hasa? Na kijana nimruhusu? (Mama Baraka)

JIBU: Marahaba, Mama Baraka. Mwanao alipimwa. Kufundishwa bado, na naona hakuna aliyemweleza tofauti.

Wanachotaka hao ni macho yake. Baadhi ya miwani hizo zina vikamera ndani vinavyofuata mboni, vikaandika alitazama wapi na kwa muda gani. Wanaweza kumletea boti kutoka kulia huku jua limempiga usoni na simu inaita, kisha mshiriki wa pili akaletewa tukio lile lile, wimbi kwa wimbi. Ziwani hulipati hilo, upepo haurudii. Tena chuo gani kitakubali kijana anyweshwe bia, apewe boti yenye propela, apitishwe kati ya waogeleaji ili tuone itakuwaje? Kwenye kiti cha maabara, hata akikosea hakuna anayeumia.

Na sababu ya kuhangaika na macho ipo. Walinzi wa Pwani wa Marekani walihesabu vifo 564 kwenye boti za starehe mwaka 2023, na katika orodha yao ya vyanzo vya ajali, dereva kutokuwa makini na kutoangalia majini ipasavyo vimo kileleni. Pombe ndiyo inayoongoza kwenye ajali zinazoua.

Mie vijana wangu huwafundisha hivi. Ukiona boti inakujia kwa ubavu, ilinganishe na nguzo ya kioo chako cha mbele, bila kusogeza kichwa. Ikisogea kwenda nyuma ya nguzo au mbele yake, huenda mtapishana. Ikibaki pale pale kwenye nguzo huku inazidi kuwa kubwa, mtagongana. Balaa lake ni kwamba jicho hushtushwa na kinachotembea, na hii haitembei, inanenepa tu. Wengi huiona ikiwa tayari ina sura ya mtu ndani yake. Kwa somo hilo miwani inafaa kweli: unamgongesha mwanafunzi, anaruka kitini, anarudia. Na hapo ndipo kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zinapomwingia: boti mbili za injini zikikatizana, unayemwona upande wako wa kulia, wewe ndiwe wa kumpisha.

Kisichomo humo ni mwili. Mimi, mtu wa kisiwa cha Wasini niliyekulia mashuani, nilipoivaa tumbo lilinigeuka nikiwa kwenye kiti cha plastiki, maana macho yanasema chombo kinalala ubavu na masikio, ambayo ndiyo hupima mizani ya mwili, yanasema umekaa. (Wanaoshindwa na kichefuchefu huacha njiani, kwa hiyo majibu ya utafiti mara nyingi ni ya wenye matumbo magumu.) Hamna saa nne mfululizo za jua, kelele za injini na mtikisiko, ambazo humlegeza dereva asiyeonja hata tone akawa mzito kama mlevi. Na hakuna aliyemwuliza Baraka kama amevaa jaketi okozi, kwa sababu kitini hazami mtu. Katika vifo vile vya 2023 ambavyo sababu yake ilijulikana, robo tatu walizama, na waliozama 87 kwa mia hawakuwa wamevaa.

Mruhusu, ila kwanza akasome. Sheria ya Minnesota iliyoanza 1 Julai 2025 inawadai wa umri wake kibali cha kuendesha boti ya injini, na kabla ya kibali kuna somo na mtihani. Aulize Idara ya Maliasili ya jimbo, awaulize na wakodishaji wenyewe. Halafu akazoee kufunga gatini mahali patulivu, mchana, na mtu mzima anayejua kazi, mpaka aone tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, linavyofagia upande wa pili anapokata usukani. Bia zibaki nyumbani. Hilo msijadiliane.

SWALI: Nahodha, ile kamba nyekundu ya kuzimia injini ni lazima nijifunge? Wenzangu wananicheka. (Kijana wa Kilifi)

JIBU: Jifunge, mwanangu. Ukirushwa nje na injini inaendelea, usukani ukiachiwa hujikunja wenyewe kwa nguvu ya propela, na boti huanza kuzunguka. Inakurudia wewe uliye majini, tena na tena, na wenzako hawana pa kuikamatia. Kamba ikichomoka, injini inakufa pale pale. Ifunge mguuni au kwenye jaketi, usiizungushe kwenye usukani kama ninavyoona wengi wenu mnafanya, na ijaribu kabla ya kung'oa nanga: ivute, usikie injini imezima.