Maswali yenu: Lanchi ya sahani saba na glasi zake

*Anti shikamoo. Mimi na mchumba wangu tumealikwa lanchi kwenye mgahawa wa hadhi, menyu ni sahani saba na kila sahani inakuja na waini yake. Shida ni kwamba mimi glasi mbili tu macho yanalegea, sasa saba si nitabebwa? Na nikikataa naona kama namuaibisha aliyetualika, ambaye ndo bosi wa mchumba wangu. – Kichwa Chepesi*

Marahaba mwanangu. Tulia kwanza tupige hesabu. Glasi za lanchi ya hivyo hazijazwi, wanamimina kama mililita 75, wengine wanafika 100, kwa hiyo saba ni kati ya mililita 525 na 700, na chupa nzima ina 750. Yaani unaweza kukaribia kumaliza chupa peke yako huku kila glasi ukiiona haina kitu. Ini nalo halina haraka, kwa wengi linasafisha gramu 7 mpaka 10 hivi za pombe kwa saa, wakati mililita 100 za waini ya asilimia 13 zina kama gramu 10. Ukikaa mezani saa tatu ini limeshughulikia glasi tatu hivi, zilizobaki unatoka nazo mlangoni.

Ila nani kakwambia lazima umalize? Mwenye kumimina wanamwita somelia, na kazi yake ni kukuonjesha, hakai pembeni kuhesabu umebakisha ngapi. Kunywa mafunda mawili matatu na chakula, iache, sahani ikibadilishwa na glasi inaondoka au inabaki hapo hapo, hamna anayeshangaa. Au mwambie tu kwa sauti ya chini, "naomba unimiminie nusu", sehemu nyingi wanafanya bila swali la pili. Au wewe na mchumba mchangie glasi za mtu mmoja. Maji yawepo mezani muda wote, asubuhi ule kitu, maana ile glasi ya kwanza huwa ya mapovu na inakukuta tumbo tupu, watu wengi wanaharibikiwa pale pale kabla hata sahani ya pili haijafika. Na gari mliache nyumbani nyote wawili. Kuhusu bosi usiwaze, atakayekumbukwa ni yule aliyeimba, sio aliyebakisha.

*Hivi kweli kuna waini ya samaki na waini ya nyama au ni maigizo ya kutuongezea bili? – Sijashawishika*

Maigizo yapo, sikatai. Kuna mhudumu atakusimulia mlima, udongo, na babu aliyepanda mizabibu mpaka chakula kipoe. Ila chini ya maneno kuna kitu cha kweli na unaweza kukipima mwenyewe kwa dakika moja. Chukua waini nyekundu nzito, onja kidogo bila kula. Unasikia ulimi unakauka na fizi kama zinakazwa? Hiyo ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na inachofanya ni kung'ang'ania protini za kwenye mate yako. Sasa tafuna kipande cha nyama chenye mafuta kidogo, kabla hujameza kila kitu onja tena ile ile waini. Imelainika! Tanini imepata protini na mafuta ya kwenye nyama, mate yako inayaachia. Chumvi nayo inasaidia, inapunguza ule uchungu.

Rudia mchezo huo huo na samaki mwenye mafuta uone kinachokupata, unabaki na ladha kama umelamba msumari na shombo juu. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye waini ndo chanzo kikubwa cha ile shombo, na kwa kawaida nyekundu zinakuwa nayo zaidi, ingawa sio zote, ndo maana nyekundu nyepesi zingine zinakaa na samaki vizuri tu na anayekukataza kabisa anakuonea.

Mengine ni hivi: waini yenye ukali wa ndimu inakata mafuta, kwa hiyo vitu vya kukaanga na vya krimu vinaipenda, na yenye mapovu ndo zaidi. Chakula cha pilipili usikipe waini yenye pombe kali, utawaka mara mbili, kipe yenye utamu kidogo. Na kwenye deseti kinywaji kiwe kitamu kuliko deseti yenyewe, la sivyo waini nzuri kabisa itaonekana siki. Hiyo ya mwisho naiona ikivunjwa kila mara, mtu kang'ang'ania shampeni kavu, yaani isiyo tamu, na keki, halafu analalamika.

Kuna pea zingine hazikutungwa na somelia yeyote, zimetoka tu sehemu moja. Kule Ufaransa bonde la Loire kuna kijiji kinaitwa Chavignol, kinatoa jibini ya maziwa ya mbuzi, na mashamba yanayokizunguka ni ya waini nyeupe ya Sancerre. Jibini ina uchachu, waini ina uchachu, ukiviweka pamoja vyote vinatulia na unaanza kusikia matunda.

Siri ni moja tu, vikutane mdomoni. Watu wanamaliza glasi wakisubiri sahani, halafu wanakula kavu, halafu wanasema hawakuona tofauti.

*Kwa nini wasilete chakula chote mara moja? Sahani kubwa, chakula kijiko kimoja, halafu tunasubiri nusu saa! – Njaa Inauma*

Pole ndugu yangu. Zamani hata hao Wafaransa kwenye karamu kubwa walikuwa wanajaza meza kila kitu kwa pamoja, unachota kilicho karibu na wewe, na kingine kinapoa. Huu mtindo wa moja baada ya nyingine unaitwa wa Kirusi, na anayesifiwa kuupeleka Paris ni balozi wa Urusi Alexander Kurakin, kama mwaka 1810 hivi.

Na vijiko kimoja kimoja vina sababu. Ladha moja ukiila mfululizo utamu wake unashuka haraka, wakati hamu ya kitu kingine inabaki vile vile. Mwaka 1981 mtafiti Barbara Rolls na wenzake walionyesha jambo hilo, na bila shaka unalijua, umeshiba hadi unahema lakini deseti ikipita unapata nafasi. Mpishi anacheza na hapo hapo, anakuondoa kwenye ladha kabla haijakuchosha. Njaa yako itaisha, niamini, ikifika sahani ya tano utakuwa unafungua mkanda, hasa kama mwanzoni ulishambulia mkate na siagi. Huo mkate ni mtego, na huwa mtamu balaa.

*Anti mimi pombe situmii kabisa. Nitakaa na maji masaa matatu? – Bint wa Maji*

Hapana mama, siku hizi sehemu nyingi za hadhi zina vinywaji visivyo na pombe vya kwenda na kila sahani, hata Noma, mgahawa wa Copenhagen kule Denmark uliokuwa gumzo la dunia nzima, ulikuwa na juisi zake za kuambatana na menyu. Kanuni ni zile zile, kwa mfano chai nayo ina tanini, kwa hiyo chai nyeusi iliyopoozwa inaweza kusimama na nyama. Waambie siku unayopiga simu kubuku, usisubiri ukae mezani, maana vingine vinachachushwa au kukamuliwa mapema na ukiwashtukiza utaletewa soda. Na ukiona kila glasi ni juisi tamu tupu, omba kitu chenye uchachu, sukari inazima chakula.

*Uma zimepangwa tatu kushoto, naanza na upi? – Mshamba na Sijifichi*

Wa nje kabisa, unaingia ndani kadri sahani zinavyokuja. Ukikosea wataleta mwingine, basi.

*Wakinimiminia kidogo nionje na wote wananitazama, niseme nini? – Natetemeka*

Kwenye lanchi ya glasi zilizopangwa mara nyingi hawakuulizi, somelia kashaonja. Ukiagiza chupa ndo unaonjeshwa, na hapo hawaulizi kama umeipenda, wanauliza kama ni nzima. Kuna chupa zinaharibiwa na kizibo cha gome, unanusa unasikia boksi lililolowa au stoo yenye ukungu badala ya matunda. Ukisikia hivyo sema "naomba na wewe uinuse", atainusa na kuibadilisha. Kama haina neno, sema "sawa" na aendelee kumimina.