Vipepeo weupe wamejaa kwenye kabichi, viwavi hawafi

Swali: Nina robo eka ya kabichi bondeni, Buhigwe, wiki ya tano tangu nipandikize. Vipepeo weupe wanaruka shambani mchana kutwa na majani yametobolewa. Nimepiga saipamethrini mara tatu, kila baada ya siku nne, lakini viwavi wapo palepale. Niongeze kipimo?

Jibu: Usiongeze, ndugu. Kwanza geuza majani umwone anayekula, maana kipepeo unayemwona si lazima awe ndiye mama wa kiwavi ulichonacho. Yule mkubwa mweupe mwenye ukijani hafifu, anayepita kwa makundi, hutaga kwenye mimea ya jamii ya mjohoro; kabichi haimhusu.

Kiwavi wa kipepeo mweupe wa kabichi ni kijani cha mahameli, ana mstari mwembamba wa njano mgongoni, hufika sentimita 3 na hutembea polepole. Ukikuta kadogo ka sentimita 1 hivi, kembamba pande zote mbili, kanakojinyonganyonga ukikagusa kisha kudondoka kwa uzi, huyo ni nondo mgongo wa almasi. Mama yake ni nondo mdogo wa kijivu arukaye jioni, ndiyo maana lawama zinamwangukia kipepeo. Kiwavi wake akiwa mchanga hukwangua jani chini na kuacha ngozi ya juu kama kijidirisha cheupe.

Kwa maelezo yako, namshuku nondo. Sehemu nyingi duniani ameshazoea dawa za jamii ya saipamethrini. Wanaokufa ni nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi wake, kwa hiyo kila unapopiga unamwondolea adui. Halafu jani la kabichi lina nta: ukinyunyiza kwa juu, dawa inateleza na kiwavi yuko chini anakula.

Pita shambani kwa mwendo wa zigizaga, ukague miche 20. Kabichi ikiwa haijaanza kufunga, subiri mpaka ukute viwavi kwenye miche 6. Ikishafunga kichwa, miche 2 inatosha kukufanya upige.

Chagua dawa ya bakteria wa Bt, yenye namba ya usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania), kwa kipimo cha kwenye lebo. Piga jioni, kwa sababu jua huiharibu haraka, na elekeza nozeli juu ukiwa umeiingiza chini ya majani. Tia sabuni ya maji kidogo ili ishike. Bt lazima iliwe ndipo ifanye kazi: kiwavi huacha kula mapema lakini huweza kufa baada ya siku 2 au 3, kwa hiyo usimwone kesho yake yupo ukadhani umeuziwa maji. Wakubwa huwa wagumu. Wawahi wakiwa wadogo. Kwa awamu inayofuata badili kundi la dawa. Jina jipya la kibiashara si kundi jipya, soma kiambato na namba ya kundi kwenye lebo.

Mwarobaini nao unafaa: gramu 50 za mbegu zilizosagwa kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja. Bomba la lita 15 linahitaji gramu 750. Usipochuja vizuri nozeli itaziba.

Kiangazi nondo huzidi kwa kuwa hakuna mvua ya kuwaosha viwavi wachanga. Ukimwagilia kwa kunyunyiza juu jioni unawavuruga pia nondo wanaopandana. Msimu ujao funika kitalu kwa wavu wenye matundu madogo (chandarua cha kulalia kiache kitandani), na mabaki ya kabichi yafukie au wape mifugo mara tu baada ya kuvuna.

Ukikuta kifuko chembamba kama wavu kinachoonesha mdudu ndani, kiponde. Kile kigumu, cheupe au cha kahawia, kisichoonesha ndani, huenda ni cha nyigu. Hicho kiache.