Kabla hujamletea mtoto sungura nyumbani

Likizo kubwa ikianza, hazipiti siku tatu kabla mzazi fulani wa kartiye yetu, yaani mtaa wetu, hajanibishia hodi jioni, mtoto kang'ang'ania kitenge chake. "Mama, uniuzishie sungura moja ya huyu mtoto." Nami huuliza: wa kucheza naye, au wa sufuria? Wengi hucheka wakidhani nawatania. Siwatanii. Kama baba na mama hawajakubaliana jibu, huwa nawarudisha wakazungumze kwanza.

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, sungura ni mfugo kama kuku na simbilisi. Analiwa, anauzwa, analipia daftari za shule, na sioni haya kusema kwamba mimi mwenyewe nina vizimba vya aina hiyo. Tatizo ni kuchanganya. Mtoto anapewa sungura Julai, anampa jina, analala akimwota. Halafu bonane, sikukuu ya mwaka mpya, inafika, wageni wanatoka Butembo, mfuko hauna kitu, na baba anakumbuka kwamba nyuma ya nyumba kuna kilo tatu za nyama. Nimemwona mtoto wa jirani akikataa chakula cha mama yake hadi katikati ya Januari. Kwangu sheria ni moja: sungura mwenye jina haliwi, hata mwezi ukiwa mbaya kiasi gani. Wasio na jina wako upande wa pili wa ua, na watoto hawaendi huko kuwabembeleza.

Jambo la pili ambalo wageni wa kazi hii hawaliamini ni kwamba sungura hapendi kubebwa. Watoto wetu wamekulia kwenye hadithi za sungura mjanja anayemshinda fisi na kumcheka simba, kwa hiyo wanategemea rafiki mchangamfu. Yule wa hadithi ni wa porini, wa aina nyingine kabisa. Huyu wa kizimbani mababu zake walitoka Hispania na Ureno, na maisha yao yote yalikuwa kukimbia mwewe na mbweha. Kwake, mikono inayotoka juu na kumwinua ni makucha ya mwewe tu. Haoni tofauti kati ya mtoto anayempenda na mnyama anayetaka kumla, hasa wiki za mwanzo.

Hili nilijifunza vibaya. Jumamosi moja mwaka 2019 nilikuwa nafua nguo, na mtoto wangu wa mwisho, wakati huo ana miaka mitano, akafungua kizimba na kumnyanyua sungura kwa masikio kama alivyoona watu wakifanya sokoni. Sungura akapiga mateke. Mifupa yake ni myepesi mno, hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake haifiki, ila misuli ya miguu ya nyuma inavuta kama mpira wa manati. Akirusha teke hewani bila cha kuegemea, anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Nilichosikia mimi ni mlio wake, mwembamba, kama wa mtoto mchanga. Nilipofika alikuwa anajikokota kwa miguu ya mbele, ya nyuma inaburuzika kama kitambaa kilicholowa. Daktari wa mifugo alikuja jioni, akamfinya vidole vya nyuma, vidole havikusogea. "Mama, hapa hakuna dawa." Akammaliza kwa sindano.

Siku ile nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza ni kizimba kisicho na kufuli. La pili ni kumwambia mtoto kwamba sungura amekwenda kukaa kwa koko, bibi yake, Masisi. Wiki tatu baadaye koko mwenyewe akaja kututembelea, hajatua hata kikapu chake, mtoto anamuuliza sungura anaendeleaje. Koko hakujua nimesema nini, akajibu kwamba kwake hakuna sungura. Ikabidi nikae chini nimweleze upya, na safari hii alilia kwa sababu mbili. Mwambie mtoto amekufa. Neno hilo wanalielewa kuliko tunavyofikiri.

Tangu hapo kila mtoto, awe wangu au wa jirani, anakutana na sungura akiwa amekaa chini kwenye mkeka. Anakaa na jani la karoti mkononi, anangoja. Sungura atazunguka, atanusa magoti, pengine atapiga mguu chini puu! kisha akimbilie kona, na hiyo maana yake ni "nimeogopa, niacheni." Siku ya nne au ya tano anakuja mwenyewe. Anapenda kupapaswa paji la uso na nyuma ya masikio. Kidevu na tumbo usiguse. Akilazimika kubebwa ni kazi ya mtu mzima: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine unabeba makalio, na mwili wake umeegemea kifuani kwako. Masikio si mpini. Yamejaa mishipa ya damu, ndiyo anayopozea mwili.

Mtoto wa chini ya miaka sita usimwache peke yake naye hata dakika unayogeuza ugali. Wa saba au nane anaweza kubadilisha maji kila asubuhi, nawe uhakikishe. Wa kumi anasafisha kizimba, akikumbushwa, akikumbushwa tena. Msiwadanganye watoto kwamba "huyu ni wako." Sungura ni wa yule anayeamka kumlisha mvua ikinyesha, na mtu huyo, ndugu zangu, ni wewe.

Chakula kinahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu ndicho kinachoua wengi. Picha za vitabu vya shule zinaonyesha sungura na karoti. Karoti ni sukari. Kipande cha ukubwa wa kidole kinatosha, tena si kila siku. Anachohitaji ni nyasi, nyasi, na nyasi, usiku na mchana, mbichi au kavu. Meno yake hayaachi kukua maisha yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga. Shida ni kwamba Goma yetu imekaa juu ya mawe, nyasi si kama Bukavu. Mimi napita soko la Virunga saa za kufunga, wauza mboga wananipa majani ya karoti yanayotupwa, na kuna kijana ananiletea nyasi na matembele mara mbili kwa wiki. Matembele ni mazuri, kishona nguo pia kabla hakijatoa miiba. Nyasi za kando ya barabara sichukui, zina vumbi, mafuta ya magari na mikojo ya mbwa. Na zilizolowa umande au mvua nazitandaza kwanza zinyauke, la sivyo tumbo linaweza kujaa gesi.

Sasa hatari. Parseli nyingi hapa, yaani viwanja vya nyumba, zina mti wa avoka, parachichi, na mtoto mwenye moyo mwema ataokota jani lake ampelekee rafiki yake. Jani la avoka ni sumu kwa sungura, na tunda lenyewe pia. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya, vilevile. Sombe mbichi, majani ya muhogo, usimpe. Sisi wenyewe hatuli sombe bila kuitwanga na kuichemsha vya kutosha, na kuna sababu. Kwangu watoto wote wanajua kwamba hakuna jani linaloingia kizimbani bila kupita mkononi mwa mama.

Kingine: sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halitakiwi kusimama. Akikaa nusu siku bila kula, na huoni vile vidonge vya kinyesi, usingoje kesho. Ila usishtuke ukimwona alfajiri anainama anakula kinyesi laini moja kwa moja kutoka nyuma. Binti yangu alikuja mbio, "Mama, anakula mavi!" Ndivyo alivyoumbwa. Kinyesi kile kina vitamini ambazo bado anazihitaji.

Kuhusu makazi sina mengi. Kizimba cha mbao kilichoinuliwa usawa wa kiuno, sakafu ya mianzi iliyopasuliwa, paa lisilovuja, upande mmoja umezibwa kwa ajili ya upepo wa ziwani. Baridi ya Goma anaivumilia, unyevu ndio unaomuua. Panya na siafu wanakula vitoto, kwa hiyo miguu ya kizimba changu imesimama ndani ya makopo ya maji yenye mafuta machafu juu. Na ukimtoa acheze uani, ziba kwanza matundu ya ukuta wa mawe. Chukudu, sungura wetu wa sasa (watoto walimwita hivyo kwa sababu masikio yake yanafanana na usukani wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), aliwahi kuingia kwenye rundo la mawe ya volkano, tukamsubiri siku mbili. Hakutoka kwa kuitwa. Alitoka kwa njaa.

Muuzaji akikwambia "hawa wote ni majike," shukuru, kisha wageuze ukague mwenyewe au umlete mtu anayejua. Mimi niliuziwa majike mawili. Mmoja akawa baba. Mimba ni kama siku 31, na jike anaweza kupata nyingine siku hiyohiyo aliyozaa. Watenganishe kabla hawajafika miezi mitatu na nusu. Akizaa, watoto watataka kuchungulia kila saa na watakwambia mama kawatelekeza wanawe. Hajawatelekeza, ananyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, kisha anaondoka. Vitoto vikiwa na matumbo ya duara, vifunikeni tena kwa manyoya yao mwende.

Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika. Ukiona magamba ndani ya masikio yake, au duara za upele kwenye mkono wa mtoto, mpelekeni kila mmoja kwa daktari wake.

Halafu hesabu miaka. Sungura anayetunzwa vizuri anaishi miaka minane, kumi, hata zaidi. Mtoto wa miaka sita anayemlilia leo atakuwa sekondari, ana simu na marafiki, na wewe ndiye utakayekuwa unachuma nyasi. Hapa kwetu hesabu hiyo ina kipengele kingine. Nyiragongo, volkano yetu, ilipolipuka 22 Mei 2021 hatukuhama. Siku tano baadaye, 27 Mei, ikatangazwa asubuhi kwamba kartiye kumi zihame, yetu ikiwemo, na mji mzima ukamiminika barabarani. Wale wasio na jina niliwafungulia uani na majani waliyokuwa nayo. Chukudu aliingia kwenye kikapu cha sokoni chenye mfuniko, nyasi chini, kitenge juu asione umati, na mtoto wangu yule wa mwisho, wakati huo wa miaka saba, akakishika mguu kwa mguu hadi mji wa Sake. Njiani watu walituuliza mara tatu tunauzisha ngapi. "Huyu iko na jina," alijibu kila mara, bila kusimama.

Kikapu kile sijakirudishia kazi ya sokoni. Kinaning'inia nyuma ya mlango, na nikibadilisha nyasi za kizimba nabadilisha na zake.