Mwanangu, Kibaha haikuanza na daladala

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, ile uliyoniuliza "mama, hivi nyie mlienda kujenga Kibaha kwa sababu mlikosa kiwanja Dar? maana kazini wananiambia huko ni kwa kwenda kulala tu, na mimi nimepata kiwanja hukohuko, sijui nichukue au niache." Nimeona nisikujibu kwa sauti ya wasap, ingekuwa ndefu na wewe unasikilizaga ukiwa kwenye gari, sasa nimekaa hapa barazani nakuandikia taratibu.

Nianze na hilo la kulala. Ni kweli watu wengi huku tunaamka giza na kurudi giza, mpaka katikati ya mji ni kilomita kama 40, hilo siwezi kulikataa mbele yako wewe uliyekulia humo. Lakini hao wenzako wanahesabu kuanzia walipoanza kuona watu wanagombania daladala Maili Moja. Kibaha watu walikuwa wanaifuata, tena kutoka mbali, kabla haijawa sehemu ya watu kutoka asubuhi kwenda kazini.

Mwaka 1963, nchi ina miaka miwili tu ya uhuru, nchi za Nordiki, yaani Sweden, Norway, Denmark na Finland, ziliungana na serikali yetu zikaanzisha mradi hapa katikati ya pori. Wakajenga sekondari, wakajenga chuo cha wakulima, wakajenga kituo cha afya ambacho ndo hiyo Tumbi unayoijua, vyote sehemu moja, kwa sababu Mwalimu alikuwa anasema maadui ni watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na huwezi kumpiga mmoja ukawaacha wawili. Mwaka 1970 wakakabidhi kwa Tanzania, ndo likawa Shirika la Elimu Kibaha. Ile sekondari ikawa ya vijana wenye vipaji, hata Kikwete alisoma pale. Kwa hiyo mtu akikwambia Kibaha haina historia mwambie mji mwingine unaanza na soko au na stesheni, huu wetu ulianza na darasa, shamba na wodi.

Sasa kuna kitu sijawahi kukwambia vizuri. Babu yako, baba yangu mimi, alikuja kwenye kozi ya wakulima hapa nikiwa bado sijaanza shule. Alirudi kijijini na daftari la kurasa chache, ndani kachora banda la kuku kwa penseli, pembeni kaandika vipimo kwa hatua zake mwenyewe, hatua sita kwa nne, mlango uangalie upande usio na upepo, na chini kaandika KIBAHA kwa herufi kubwa kama vile ni jina la banda. Banda lile alilijenga kweli na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Daftari ninalo mpaka leo, lipo kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda. Kwa hiyo baba yako alipokuja kuniambia kuna mzee wa Kizaramo anauza eneo Kibaha, lina mikorosho mitatu na mwembe, mimi sikusikia "mbali", nilisikia lile neno la kwenye daftari. Dar viwanja vilikuwepo, sio kwamba tulikosa, ila kwa hela ileile huko tungepata uchochoro na huku tukapata sehemu ya wewe kukimbia.

Gharama yake nayo nikwambie, maana ndo unachouliza hasa hata kama hujakitamka. Miaka ile baba yako alikuwa anatoka saa kumi na nusu alfajiri, mimi saa kumi na moja. Nilikuwa nakuvalisha soksi ukiwa umelala ili bibi asihangaike nazo asubuhi, nakushika mguu kwenye giza, wa moto, nakuvuta soksi taratibu usiamke, halafu natoka. Hiyo ndo ilikuwa asubuhi yangu na wewe, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kituoni konda anaita Ubungo Ubungo, mnajaa, nusu ya gari inaendelea kulala na vichwa vinagongana, halafu Mbezi foleni, Kimara foleni, mara nyingine masaa mawili na nusu njiani. Kurudi ndo usiseme, enzi hizo mizani ya malori ilikuwa hapahapa Kibaha, mnaona taa za nyumbani kabisa na gari haisogei. Iliniuma mwanangu, na bado inaniuma nikikumbuka, sitaki ukanunue kiwanja bila kulijua hilo.

Lakini humohumo kwenye daladala ndo mji ulikuwa unajengeka. Watu walewale, gari lilelile, siti zilezile, mpaka asipokuja mtu siku mbili watu wanaulizana yule dada wa dirishani yuko wapi. Bibi yako alipofariki, waliofika wa kwanza kupika walikuwa wanawake wa gari la saa kumi na moja, wengine hata sikuwa najua majina yao yote, nawajua kwa vituo tu, wa Tamco, wa Picha ya Ndege, wa Kwa Mathias. Dar nimefanya kazi miaka yote hiyo lakini sijawahi kuwa na watu wa namna hiyo.

Na hiyo Tamco, wewe ulikuwa unadhani ni jina la mtu, ni kiwanda kilichokuwa kinaunganisha malori ya Scania, jina likabaki kituoni. Siku hizi eneo hilo lina viwanda vingine, kikiwemo kile cha dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu tulichojengewa kwa ushirikiano na Cuba. Hata maji wanayokunywa hao wenzako huko Dar, mengine yanatoka mtambo wa Ruvu Juu hapo Mlandizi, lita milioni 196 kwa siku uwezo wake, bomba linapita kwetu ndo liende kwao. Mtu akipata ajali Morogoro Road anakimbizwa Tumbi. Na kusoma watu bado wanakuja, ile shule ya uongozi ya Mwalimu Nyerere pale Kwa Mfipa ilifunguliwa 2022, ni ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Mtu anatoka Windhoek kule Namibia anakuja kukaa darasani Kibaha, halafu wa Sinza anasema ni kwa kwenda kulala.

Mambo yamebadilika kweli. Mwendokasi ilipoanza 2016 kutoka Kimara tulipumua kidogo. 2017 ikaja bomoabomoa kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, mita 121.5 kila upande wa barabara, nyumba za watu ninaowajua zikaandikwa X nyekundu, mama mmoja tuliyekuwa tunapanda naye gari alisimama kituoni na ufunguo wa mlango ambao haupo tena, anaushika tu. Barabara ile ya njia nane unayopita kwa raha, kilomita 19 na kitu kutoka Kimara mpaka huku, ukipita ujue imepita juu ya nini. Baada ya hapo watu ndo wakamiminika, sensa ya 2012 Kibaha Mji tulikuwa 128,488, ya 2022 tukawa zaidi ya mara mbili ya hapo. Mikorosho imekwisha, kila siku naona kirikuu limebeba tofali.

Hilo ndo linanitia wasiwasi kuliko umbali. Wageni wengi wanakuja wanazungusha fensi kwanza, nyumba baadaye, na anapita na gari lake kioo juu, hata jirani hamjui. Mtu wa hivyo kwake kweli Kibaha ni pa kulala tu. Ukija usije hivyo.

Kuhusu kiwanja, usilipe hata shilingi kabla sijakiona na kabla hatujaenda ardhi kuhakiki ramani, hizi bikoni za mipaka watu wanazihamisha usiku. Njoo Jumamosi, mwenyekiti wa mtaa wa huko namfahamu, tutaenda naye kwa miguu. Halafu Jumapili ulale hapa, gari lako liache kwa rafiki yako, Jumatatu tutoke wote alfajiri tupande daladala, nikuoneshe siti yangu. Ukishafika kazini kwako ndo unipigie uniambie unachukua au unaacha.

Daftari la babu nitakuwa nimeshalitoa sandukuni.

Mama